Kona ya Kahawa na Mrija wa Baba

Kwa mwaka mzima na miezi kadhaa baba yangu alikuja nyumbani kwangu kila siku ya gulio, na hata mara moja hakuketi. Alikuwa anaegemeza baiskeli yake ukutani, anashusha mkungu wa ndizi au kikapu cha maharage, anapiga makofi ya salamu kama tusalimianavyo Waha, anasema "Mwakeye," kisha anasimama pale pale mlangoni, nusu yake kivulini, nusu yake juani. Namwambia, "Karibu ndani, baba." Anajibu, "Nimekwisha karibia." Namletea maji, anayanywa amesimama, ananirudishia kikombe, anapanda baiskeli kurudi zake kijijini Kitahana.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, pale Kibondo mjini, kama mtaa mmoja wa maduka, ofisi ya wilaya na hospitali vinatosha kuitwa mji. Nilikuwa nimeolewa na fundi cherehani, Mwislamu wa Kasulu, ambaye babu zake walikuja huku bara na biashara kutoka upande wa Pangani wakasahau kurudi. Mtu mpole, mcheshi, mvivu wa kugombana. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Sikuzificha wakati ule na sizifichi sasa. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili vya tofali za udongo na bati juu, na humo ndani tulikuwa na raha zetu. Kitu kimoja tu kilinikaa kooni. Baba, mtu aliyenilea peke yake tangu mama alipofariki nikiwa darasa la pili, hataki kuketi kwangu.

Siku moja uvumilivu ukanishinda. Nikamuuliza, "Baba, kwani kwangu kuna nini? Kunanuka?"

Akatazama huku na huku ili mume wangu asisikie. "Mwanangu, nikiingia nikakaa, nitanyweshwa nini?"

"Chai ipo."

"Chai ni ya mgonjwa na mwalimu." Akashusha sauti. "Mumeo haweki pombe ndani, dini yake haimruhusu, na mimi simlaumu. Lakini mkwe mtu mzima nikionekana nimekaa humo kinywa kikavu, watu watasema mumeo ni mchoyo. Nikisimama hapa nje, watasema mzee ana haraka zake. Sasa wewe waona ipi afadhali?"

Siku zote hizo nilidhani amenikasirikia kwa kuolewa mbali na desturi zetu, kumbe alikuwa anasimama juani kumlindia jina mume wangu. Nilitamani kucheka, nikatamani kulia, mwishowe nikaingia ndani nikabamiza sufuria.

Lazima nieleze, maana wajukuu zangu hawaelewi hata nikiwaambia mara kumi. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa pombe ya ndizi. Chungu kimoja huwekwa katikati, watu wanakizunguka, kila mmoja na mrija wake, bua jembamba lenye uwazi ndani, wenyewe tunauita umuheha. Mtu mzima akitoka kwenda kutembea huuchukua mrija wake kama wengine wachukuavyo fimbo. Katika nyumba ya baba ya zamani, ile ya kule mlimani, mirija ya watu wa nyumbani ilichomekwa kwenye nyasi za paa, juu ya mahali pa chungu: wa babu, wa baba, wa shangazi. Mgeni alikunywa akaondoka na wake. Wa nyumbani aliuacha. Ukitaka kujua nani ni mtu wa nyumba ile, ulitazama paa tu.

Kisha serikali ikatuhamishia kwenye vijiji vya ujamaa. Baba alipewa kiwanja kando ya barabara, akajenga kama alivyoelekezwa, nyumba yake ikiwa kwenye mstari mmoja na za wenzake. Shamba la kahawa likabaki kule juu, akawa analifuata kwa miguu. Hakulalamika sana. Lakini mrija wake hakuuchomeka katika paa jipya. Aliutia kwenye mfuko wa ndani wa koti, ncha ikichungulia karibu na kola, na humo ukakaa miaka. Shangazi alipomuuliza, alimjibu, "Paa lile ni la mstari, si langu."

Basi, Idi ikatukuta Kasulu kwa mama mkwe. Nilikuwa nimeshafika kwake mara mbili tatu, lakini siku hiyo ndipo nilipoitazama vizuri ile kona yake ya kahawa. Ilikuwa sebuleni, upande wa kulia ukiingia. Mkeka wa rangi umetandikwa, mito miwili imeegemezwa ukutani, meza fupi ina sinia la shaba linalong'aa mpaka unajiona meno, na juu yake finjani zimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Pembeni kuna jiko dogo la mkaa, na juu ya jiko dele la kahawa lenye mdomo mrefu, linatoa mvuke taratibu. Watu waliingia mmoja mmoja, majirani, wenye maduka, karani mmoja wa serikali asiye hata Mwislamu. Wote walivua viatu, wakakaa, wakapewa finjani, wakaongea mpaka adhuhuri.

Nikawahesabu. Watu tisa, hakuna tone la pombe, na hakuna hata mmoja aliyemwita mwenye nyumba mchoyo. Na zaidi ya hayo, kinywaji chenyewe ni kahawa, ile ile ambayo baba yangu anailima, anaichuma, anaimenya, anaianika, na anaipeleka chama cha ushirika bila kuacha nyumbani hata punje. Mtu amelima kahawa tangu mimi sijazaliwa na hajapata kujua ladha yake.

Wageni walipoondoka nikamwambia mama mkwe, "Mama, nami nataka kona kama hii."

"Ya nini, mwanangu? Nyie wenyewe mnapishana kwa zamu humo ndani."

"Ya kumkalishia baba."

Akaingia chumbani kwake, nikamsikia anaburuta sanduku, akatoka na dele la zamani lenye mkono uliofungwa kwa waya, na finjani sita, moja imemeguka mdomo. "Chukua," akasema. "Ila patandike vizuri. Kahawa ukimpa mtu mahali pabaya, anakunywa anakwenda zake. Pakipendeza, anavua viatu."

Nilirudi Kibondo juu ya lori, dele nimelipakata kama mtoto mchanga, vumbi jekundu limenijaa mpaka kope. Mume wangu alikuwa na finjani ndani ya kofia yake. Kila lori likiruka shimo, tunaangaliana.

Vita ya kwanza ilikuwa ya cherehani. Nyumba nzima ilikuwa na kona moja tu yenye heshima, ile ya karibu na dirisha, na cherehani la mume wangu lilikuwa limekaa hapo kama chifu.

"Nitashonea wapi?" akauliza.

"Barazani. Watu wakuone."

"Na mvua?"

"Mvua ikinyesha nani anakuja kushonesha suruali?"

Akafikiri. Akashika kidevu. Akasema atalifikiria kesho. Mimi na neno kesho hatupatani, kwa hiyo alipokwenda kuswali adhuhuri nikalivuta cherehani mwenyewe mpaka nje, kiuno nusura kinikatike. Aliporudi akalikuta barazani, na mteja tayari amesimama mbele yake na kitambaa mkononi. Akanitazama, akamtazama mteja, akakaa akaanza kupima. Tangu siku hiyo kazi ikamzidia, na akawa anawaambia watu kwamba kuhamia barazani ni wazo lake. Nikamwachia.

Kona ikawa yangu. Nilichota udongo mweupe bondeni, nikausiliba ukutani kwa mkono, tabaka tatu, kisha chini nikazungushia mkanda wa udongo mwekundu kama shangazi alivyokuwa akiremba nyumba yake. Mito niliishona mwenyewe kwa vipande vilivyobaki chini ya cherehani: kipande cha kitenge cha mke wa bwana shamba, kipande cha sare ya shule, kipande cha kanzu, kipande cha pazia la ofisi ya wilaya ambacho sikuuliza kilifikaje kwetu. Nikaijaza sufi. Sanduku la mbao lililokuja na sabuni nikalipindua, likawa meza. Sikuwa na sinia la shaba, nikachukua ungo mpya kabisa, nikautandika kitambaa nilichofuma wiki mbili, cheupe, chenye maua pembezoni. Finjani sita juu yake, ile iliyomeguka nikaigeuzia ukutani. Na vigoda viwili vya miguu mitatu kutoka gulioni, nimevipaka mafuta mpaka vinateleza.

Kona ilipokamilika nilikaa chini katikati ya chumba nikaitazama tu. Sikuwa nimewahi kuwa na kitu kizuri hivyo ambacho ni changu. Jirani yetu, muuguzi wa hospitali aliyeletwa kutoka Moshi, aliingia kuomba chumvi, akasimama mlangoni, akavua viatu bila kuambiwa. Nikajua nimefaulu.

Ikabaki kahawa yenyewe. Baba alipokuja nikamwomba aniletee buni kidogo.

"Ya kufanyia nini?"

"Kunywa."

Akacheka mpaka akashika baiskeli. "Mwanangu, hiyo ni kama pamba. Nani anakula pamba?" Lakini gulio lililofuata akaniletea ya kujaa kibuyu, kavu, nzuri, imechambuliwa punje kwa punje. Mkulima hata anapocheka, kazi yake haifanyi kwa mzaha.

Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Kwa mama mkwe nilikuwa nimeona kahawa ikikaangwa, lakini nilikuwa nimetazama mikono yake kuliko buni. Sikuona kwamba ile yake ilikuwa imeshatolewa ganda. Ya baba ilikuwa bado na ganda lake la ndani, gumu, kavu kama karatasi, jinsi wanavyoipeleka chamani. Mimi, binti wa mkulima wa kahawa, nikaimimina kikaangoni hivyo hivyo na maganda yake. Ikatoa moshi, ikashika moto, muuguzi akaja mbio na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Akachungulia kikaangoni, akaweka ndoo chini, akakaa juu ya kizingiti akacheka mpaka machozi.

"Wewe kweli kwenu wanalima kahawa?" akauliza.

"Wanalima," nikasema. "Hawajawahi kuiona ikiwa imevuliwa nguo."

Kuuliza si ujinga, nikamuuliza, maana kwao Moshi kahawa wanaijua. Akanionyesha: twanga kidogo kwenye kinu, pepeta kwenye ungo, ndipo ukaange kwa moto mdogo mpaka iwe na rangi ya gome. Siku tatu nilikaanga, nikatwanga, nikachemsha na tangawizi, nikamwaga, nikaanza upya. Mume wangu alikunywa kila jaribio, macho yanamtoka, na kila mara alisema, "Hii sasa." Usiku alikuwa anageuka kitandani kama samaki. Siku ya nne ikatoka kahawa ya kweli, nyeusi, harufu yake ikafika mpaka barazani na mteja akauliza kunapikwa nini humo.

Siku ya gulio ikafika. Nilimsikia baba anaegemeza baiskeli, nikatoka mbio. "Baba, leo kinywaji kipo. Na kimetoka shambani kwako."

Akainua pua kidogo. "Ile pamba?"

"Ile ile."

Akachungulia ndani. Akauona ukuta mweupe, mito, kitambaa, dele linalotoa mvuke. Akavua kofia. Akavua viatu. Akavuka kizingiti changu kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akakaa juu ya kigoda, na mimi nikageukia ukutani kidogo, najifanya natafuta kitu. Mume wangu aliacha cherehani, akaja akakaa kigoda cha pili, akamwamkia, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mkwe wangu." Kila kitu kilikuwa kinakwenda kama nilivyokiota.

Nikamimina. Finjani ya baba, finjani ya mume wangu, finjani yangu. Baba akaiangalia ile yake, akaizungusha kwenye ungo kwa kidole kimoja. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akautoa mrija, akaupuliza kuondoa vumbi, akautumbukiza ndani ya finjani, akavuta kwa nguvu, kama mtu anavyovuta pombe iliyopoa tangu asubuhi.

Mume wangu aliona kabla yangu. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kusema, lakini mtu anamrekebishaje mkwe wake siku ya kwanza anakaa kwake? Kwa hiyo alinyamaza kwa heshima, na heshima yake ikamuunguza baba ulimi, ufizi na koo.

Baba hakupiga kelele. Machozi yalimlengalenga, akameza, akautoa mrija, akaupangusa polepole kwa kiganja. Kahawa yote ilikuwa imekwisha kwa mvuto mmoja. Akaitazama finjani tupu.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya mtu mwenye ulimi mzito, "mmenipa moto kwenye kifuniko cha chupa." Kisha akazitazama zile finjani tatu, moja moja, kila moja mbele ya mtu wake. "Na kwani tumegombana? Mbona kila mtu na chake?"

Akavaa viatu. Akashukuru, maana ni mtu wa adabu, akaondoka.

Nilimgeukia mume wangu. Sitaandika niliyomwambia. Yeye naye, masikini, alikuwa anajitahidi asicheke, na aliposhindwa akacheka, nikamrushia mto, ule wenye pazia la serikali. Kisha nikakaa chini kwenye mkeka wangu mpya nikalia kwa hasira, miezi yote ile ya kufuma na kusiliba, na baba amekaa muda wa kumeza mara moja.

Gulio lililofuata hakuja. Na la pili hakuja. Kutoka Kitahana nikasikia anasimulia kwamba binti yake ana nyumba nzuri sana ila huko wanakunywa makaa.

Lile neno lake lilikuwa linanizunguka kichwani: mbona kila mtu na chake. Nilikuwa nimedhani ulimi ndio ulioumia. Nikamkumbuka kule mlimani, vichwa vinne vitano vimeinamia chungu kimoja, pumzi zinachanganyika, mtu akikugombeza asubuhi, jioni mnavuta chungu kimoja na maneno yamekwisha. Kwa baba, kukumiminia chako peke yako ni kukuambia kaa mbali. Mimi nilikuwa nimekopa kona ya Kasulu nzima nzima na kusahau ni nani nataka akae humo.

Lakini nisijifanye mwema. Nilikuwa najua dawa yake, na dawa ilinikera. Chungu cheusi cha udongo, chenye masizi, juu ya kitambaa changu cheupe? Siku mbili nilizunguka nayo. Siku ya tatu nilikwenda gulioni kununua chungu kidogo chenye shingo, na hapo hapo nikamkuta baba anauza ndizi. Alinikwepa macho.

"Baba, kesho kutwa ni Jumamosi. Njoo na mrija wako."

"Wa nini? Niunguze upande wa pili?"

"Njoo tu."

Akapanga ndizi zake upya ingawa zilikuwa zimepangika. "Nitaona kama nina nafasi," akasema.

Mume wangu nikamnunulia mrija mpya. Hakuwahi kuushika maishani. Siku ya Ijumaa alifanya mazoezi na maji ya kisima, amekaa kwenye kigoda, shingo ameinyoosha kama jogoo. Mara ya kwanza aliyavuta yakampitia puani. Muuguzi alikuwapo. Hakuna mtaa Kibondo ambao haukuisikia habari hiyo kabla ya jioni.

Jumamosi nilichemsha kahawa alfajiri. Nikaichuja kwa kitambaa kisafi, nikatia tangawizi na asali ya porini, nikaimimina kwenye chungu, nikaiacha ipoe mpaka kidole kinavumilia. Kitambaa cheupe sikukiondoa. Nilikaza roho nikakiweka chungu juu yake, katikati kabisa, na finjani nikazisogeza pembeni. Na ukweli ni kwamba kilipendeza. Cheusi juu ya cheupe, ukuta mweupe nyuma, mkanda mwekundu chini. Sijui kwa nini sikuliona tangu mwanzo.

Baba alikuja. Nafasi aliipata. Alisimama kizingitini, akakiona chungu, akakohoa kidogo, akavua viatu. Akakaa. Akaweka kiganja kwenye tumbo la chungu, akakiacha hapo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Aliporidhika kwamba hakuna moto, akatoa mrija. Mume wangu akatoa wake.

Baba akaushangaa ule mrija mpya. Akainama, mume wangu akainama, vichwa vikakaribiana, kofia ya kufuma na nywele za mvi, wakavuta, kisha baba akanyanyua uso.

"Hii ndiyo ile tunayopeleka chamani?"

"Ndiyo, baba."

"Magunia na magunia?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. "Sasa nyie, miaka yote hii hakuna aliyeniambia." Akainama tena. Mume wangu alivuta kwa pupa, ikampalia, akakohoa. Baba akampigapiga mgongo. "Usivute kama unanyonya uboho, mkwe wangu. Vuta kama unasikiliza." Wakainama tena. Mume wangu akasikiliza. Wakaongea habari za mvua, za mbegu, za suruali ya baba inayobana kiunoni, ambayo mume wangu aliipima hapo hapo kwa macho. Baba akacheka mara mbili. Kisha akageuka, akanipa mrija wake mwenyewe. "Shika. Umepika, hujaonja."

Nilionja. Ilikuwa tamu, ya vuguvugu, ina asali na moshi kidogo. Nimekunywa kahawa nyingi tangu siku ile, nyingine kwenye vikombe vyenye dhahabu mdomoni, na hakuna iliyonifurahisha vile.

Alikaa mpaka jua likageuka. Mimi nikatoka uani kumfungia ndizi mbivu na kipande cha sabuni, niliporudi alikuwa ameshavaa viatu, anaagana na mume wangu nje. Nikampa kifurushi, akakifunga nyuma ya baiskeli, akaenda. Nikaingia kuondoa chungu. Ndipo nilipoinua macho nikauona mrija wake. Ulikuwa juu ya kona, umebanwa kati ya boriti na bati, ule ule mkuukuu, umegeuka rangi kwa miaka ya kukaa kwenye koti.

Akili yangu siku hiyo ilikuwa imelewa furaha. Nikaona amesahau. Nikapanda kigoda, nikauchomoa, nikatoka mbio miguu mitupu, nikimwita barabarani mbele ya watu. Alisimamisha baiskeli karibu na njia panda ya hospitali, mguu mmoja chini.

"Baba, umesahau mrija wako," nikasema, nahema.

Aliutazama, akanitazama mimi, akakaa sawasawa juu ya baiskeli.

"Sijasahau kitu," akasema. "Urudishe ulikoutoa, usije ukauvunja."

Akakanyaga pedali. Nikabaki katikati ya barabara, mrija nimeushika kwa mikono miwili, nacheka na machozi yananitoka, na watu wa mtaani wananipita pande zote wakiuliza kama kuna msiba. Nikawaambia hapana, hakuna msiba.

Niliporudi mume wangu alikuwa amesimama chini ya boriti na mrija wake mpya mkononi. "Na wangu nichomeke wapi?" akauliza.

"Pembeni ya wa baba," nikasema, nikamsogezea kigoda apande.